Mzigo wa Bamvua

Kibuyuni, kijiji cha wakulima wa mwani karibu na Shimoni, kazi haihesabiwi kwa Jumatatu na Ijumaa. Huhesabiwa kwa bamvua na maji mafu. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, bahari hupwa ikaenda mbali: hilo ndilo bamvua. Tofauti ya kujaa na kupwa huweza kukaribia mita 4. Katika pwani yetu maji ya bamvua hupwa kati ya asubuhi na adhuhuri, saa nne saa tano hivi, na hizo ndizo saa ambazo akina mama hushuka kufunga mbegu kwenye kamba, kukaza vigingi, kuvuna, kujaza magunia na kuyapandisha nchi kavu. Zikija siku za maji mafu, bahari isipopwa mbali, shamba halifikiki vizuri. Kazi hubaki ya juu: kuanika, kugeuza, kuchambua takataka.

Nimeanza na bahari makusudi, ingawa habari yenyewe ni ya fiziotherapia. Mama akishikwa na mgongo, au goti likivimba, akafika Hospitali ya Rufaa ya Msambweni, atapewa mazoezi. Mazoezi ni dawa, na dawa ina dozi: ikipungua haifai kitu, ikizidi inarudisha maumivu. Basi dozi hii ipimwe kwa nini? Kwa mapigo ya moyo, kwa kilo, au kwa kauli ya mgonjwa mwenyewe? Vyuo vyetu vinafundisha majibu yaliyotoka Ufini, Chicago na Uswidi. Huku pwani nako watu walikuwa na majibu yao, na hayo hayamo kwenye mtaala. Nikiyaweka yote pamoja naona kwamba hayabishani sana juu ya namba. Yanabishana juu ya nani aaminiwe.

Moyo nitaumaliza upesi. Mwaka 1957 Martti Karvonen na wenzake wa Ufini walichapisha utafiti uliozaa hesabu inayotumika hadi leo: chukua mapigo ya juu kabisa ya mtu, toa mapigo yake akiwa ametulia, kinachobaki ndiyo akiba, kisha mfanyishe mazoezi kwa asilimia fulani ya akiba hiyo. Mapigo ya juu hukadiriwa kwa 220 kutoa umri. Mama wa miaka 45 mwenye mapigo 75 akipumzika ana akiba ya 100, na nusu ya akiba ikijumlishwa na zile 75 inampa lengo la 125 kwa dakika. Saa za mkononi wanazovaa wageni wanaokimbia ufukweni Diani hufanya hesabu za aina hii zenyewe.

Lakini moyo hautofautishi kazi na jua. Mwili ukipungukiwa na maji, mapigo hupanda hata kama kazi ni ile ile, na mwenye saumu ya Ramadhani alasiri analijua hilo bila saa. Mgonjwa wa presha anayemeza atenololi naye mapigo yake yamefungwa breki: anaweza kuwa hoi na saa ikasema bado ana nafasi. Juu ya hayo, 125 haikuambii goti limebeba nini. Kwa wagonjwa wa moyo na mapafu kipimo hiki nakikubali. Kwa mgongo wa mkulima wa mwani nakiweka pembeni.

Mapokeo ya kilo yana mvuto zaidi. Vita vya Pili vya Dunia vilipokuwa vinakwisha, hospitali za jeshi la Marekani zilijaa vijana wenye magoti yaliyopasuliwa na mapaja yaliyonywea. Desturi ya wakati ule ilikuwa kuwapa mazoezi mepesi, mara nyingi. Thomas DeLorme, daktari katika Hospitali ya Gardiner mjini Chicago, ambaye mwenyewe alikuwa mpenzi wa kunyanyua vyuma, akafanya kinyume: uzito mkubwa, mara chache, na uongezwe kadiri nguvu zinavyorudi. Alichapisha matokeo yake mwaka 1945. Miaka mitatu baadaye, yeye na Arthur Watkins waliupa mpango huo sura inayofundishwa hadi sasa. Utafutwe uzito ambao mgonjwa anaweza kuuinua mara 10 na ya 11 ikamshinda. Seti ya kwanza abebe nusu yake, ya pili robo tatu, ya tatu wote. Mwaka 1951 Zinovieff wa Oxford, akiona wagonjwa wanaufikia uzito wa mwisho wakiwa tayari wamechoka, aliugeuza juu chini: aanze na wote, kisha ashuke.

Hakuna jimu Kibuyuni, na wala haihitajiki. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ule mtungi wa plastiki wa lita 20, uliokuja na mafuta ya kupikia na sasa unateka maji, ukichorwa alama za lita tano tano ubavuni kwa wino ni vyuma tosha. Mama anayeweza kuuinua umejaa mara 10, kwa njia ya DeLorme ataanza na lita 10, ataongeza hadi 15, atamaliza na 20. Kwa njia ya Oxford ataanza umejaa kisha atapunguza. Mimi ningechagua ya DeLorme, na sababu yangu si ya kisayansi: kumwaga maji mbele ya mtu aliyeyateka kwa miguu yake ni kukosa adabu.

Hata hivyo kilo husema nusu ya kweli. Gunia la mwani mbichi halifanani na mtungi. Linachuruzika, linalegea, linavutia upande mmoja, na aliyelibeba anatembea ndani ya maji ya magoti juu ya mchanga unaotitia. Kenya imechangia utafiti maarufu katika jambo hili. Mwaka 1986, katika jarida la Nature, Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Heglund na wenzao walionyesha kuwa wanawake wa Kijaluo wanaobeba kichwani, na wa Kikikuyu wanaobeba kwa ukanda wa kwenye paji la uso, waliweza kuchukua mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wa mwili bila matumizi yao ya oksijeni kuongezeka. Kwa mama wa kilo 60 hizo ni kilo 12 za bure. Mwaka 2010 Ray Lloyd na wenzake, waliopima wanawake wa Kixhosa Afrika Kusini, hawakuikuta nafuu hiyo kwa wote. Walikuta watu wakitofautiana sana. Mimi nachukua kilicho wazi kwa pande zote mbili: kilo zile zile si mzigo ule ule kwa miili miwili. Isitoshe, wanawake wa 1986 walipimwa kwenye mashine ya kutembelea, mahali pakavu na sawasawa. Hakuna aliyewapima katika mkondo wa bahari wa Wasini, hapo Shimoni.

Hapo ndipo Mswidi Gunnar Borg anapoingia. Yeye hakuwa daktari, alikuwa mwanasaikolojia. Miaka ya 1960 alianza kuwauliza watu waliokuwa wakikanyaga baiskeli za maabara swali ambalo wengine waliliona la kitoto: kazi hii unaionaje, nzito au nyepesi? Kutokana na majibu akatengeneza kipimo cha kuanzia 6 hadi 20. Namba hizo zinashangaza mpaka uelezwe: ukizidisha kwa 10 unapata takriban mapigo ya moyo ya mtu mzima mwenye afya, 60 akiwa ametulia na 200 akiwa amefika mwisho. Baadaye akaongeza kipimo kingine, cha 0 hadi 10, ambacho wengi hukiona rahisi zaidi.

Nguvu ya Borg ni kwamba jua, njaa, usingizi uliokatika na mtoto anayeumwa nyumbani vyote vimo. Mwili wa mgonjwa umeshavijumlisha kabla hajafungua kinywa. Kuna na kipimo cha jamaa hiyo kisichohitaji hata karatasi, cha mazungumzo: anayeweza kusema sentensi nzima akiwa kazini yuko kwenye kiwango cha wastani au chini yake, anayekatika maneno ameshavuka. Simama pwani wakati wa kufunga mbegu usikie soga, vicheko, habari za harusi ya Ijumaa. Kisha msafara unaanza kupanda na magunia kichwani, na kimya kinatanda. Umeshapima, na hujamgusa mtu.

Ila Borg ana tatizo kubwa hapa kwetu, nalo ni uvumilivu. Mazungumzo ya kliniki huenda hivi:

"Mama, zoezi hili umelionaje?"

"La kawaida tu, mwanangu."

"Mbona unahema?"

"Si ndiyo kazi?"

Huyu hasemi uongo. Anapima kwa mizani yake, na katika mizani hiyo kuinuka kwenye kiti mara 15 hakuwezi kuitwa kuzito mbele ya mtu aliyezaa, aliyelima na aliyebeba. Kukiri uzito mbele ya kijana wa koti jeupe kunaonekana kama kudeka. Ukiandika "kawaida" kwenye faili na kuongeza dozi, umemwumiza kwa idhini yake.

Borg mwenyewe alilijua tatizo hili kwa upana wake. Kwa hiyo maelekezo ya vipimo vyake hutaka ncha zifungwe kwanza kwenye kumbukumbu ya mtu, kabla ya kumtaka namba. Kosa letu ni kuchukua namba na kuacha kumbukumbu. Kwa Kibuyuni ncha ya chini ingekuwa kukaa barazani ukisuka ukili. Ncha ya juu ni gunia la mwisho, maji yameshaanza kujaa, nawe unakimbizana nayo. Ukimpa mama ncha hizo mbili kisha ukamwuliza goti lake liko wapi kati ya hizo, hatajibu tena "kawaida".

Kwamba wakulima wa mwani husema wakiulizwa vizuri kuna ushahidi wake, ng'ambo ya mpaka. Unguja kilimo hiki kilianza kibiashara mwaka 1989, Paje na Jambiani, miaka mingi kabla ya kushika mizizi kusini mwa Kwale. Mwaka 2012 Sara Fröcklin, Flower Msuya na watafiti wenzao walichapisha utafiti wao kuhusu wanawake wa mwani wa Zanzibar. Wakulima hao waliiona afya yao kuwa duni kuliko wanawake wasiolima mwani, wakataja uchovu, maumivu ya misuli na viungo, macho, majeraha ya gamba na wanyama wa baharini. Wanawake ni wale wale wa "kawaida tu". Kilichobadilika ni namna ya kuuliza.

Na kuulizwa "unaweza kiasi gani?" si jambo geni kwa mtu wa pwani hata lisubiri kuletwa na Mswidi. Liko katika fiqhi ya sala ya mgonjwa. Hadithi ya Imran bin Husayn, iliyopokewa na Bukhari, inamweleza mtu aliyekuwa na bawasiri akamwuliza Mtume (SAW) asali vipi. Jibu lilikuja kwa ngazi: kusimama, kukaa ikiwa hawezi kusimama, kulala ubavu ikiwa hata kukaa hawezi. Tazama lilivyopangwa. Ngazi haifuati jina la ugonjwa, inafuata uwezo wa siku hiyo, na ukirudi uwezo mtu hupanda. Nani anaamua kwamba hawezi? Mwenyewe kwa anavyojijua, au tabibu mwaminifu. Wanazuoni hawakudai mtu aanguke kwanza ndipo akae. Hofu ya maradhi kuzidi, au kupona kuchelewa, ni udhuru tosha.

Mapokeo haya yametangulia Borg kwa karne 13, nayo yametatua tatizo la uvumilivu kwa njia ambayo maabara haina. Mgonjwa hajibu fomu wala kijana wa koti jeupe. Anamjibu Mola wake, ambaye mbele yake kujikaza kupita kiasi hakumpi sifa, na kujilegeza hakumfichi. Ushujaa na udekaji vyote vinakosa soko. Ndiyo maana nadhani swali bora la kumwuliza mama wa Kibuyuni kuhusu goti lake ni hili: sasa unasali umekaa kwenye kiti, au umerudi kwenye mkeka?

Jibu lake lina uzani. Sala za faradhi ni rakaa 17 kwa siku, na kila rakaa ina sijida mbili, jumla 34. Anayesali kwa ukamilifu hushuka chini, hukunja magoti yote mawili, hukaa juu ya mguu, kisha huinuka tena kusimama bila kitu cha kushika. Mtaalamu atahesabu mara ambazo mgonjwa ameinuka kwenye kiti ndani ya sekunde 30, naye hana ubaya. Lakini aliyeinuka kutoka sijida ya pili ya rakaa ya kwanza bila kuweka mkono ukutani amekuambia zaidi. Sisemi kwamba sala ni mazoezi. Ibada ni ibada. Nasema kwamba hesabu iko wazi, inajulikana na kila mtu kijijini, na hakuna programu ya nyumbani niijuayo inayofuatwa kwa uaminifu namna hiyo.

Pwani ina kipimo kingine, cha kalenda: arobaini ya mzazi. Siku 40 mama yumo ndani, anakandwa kwa maji moto, anafungwa mkaja tumboni, kazi nzito hairuhusiwi. Udhaifu wa kipimo hiki hauhitaji mwalimu. Aliyejifungua salama na aliyepasuliwa wanapewa siku zile zile. Wapo watakaosema kalenda ni ushamba, kwamba siku hizi mtu hurudi kazini kwa vigezo. Wawasome watafiti wa Delaware na Oslo, waliofuatilia wanamichezo waliofanyiwa upasuaji wa kano ya goti na kuchapisha mwaka 2016: vigezo vya nguvu vilisaidia, na hata hivyo kila mwezi wa kusubiri hadi kufikia wa 9 ulipunguza kuumia upya. Nyama inayounga ina wakati wake, na hauharakishwi na matokeo ya mtihani.

Lakini jambo la thamani zaidi katika arobaini, kwa maoni yangu, ni kwamba haimfungi mgonjwa peke yake. Inawafunga walio karibu naye. Mama mkwe anajua, jirani anajua, mtu mwingine anateka maji. Hospitali humwambia mwenye mgongo "usibebe kitu kizito kwa wiki sita", maneno hayo anaambiwa yeye tu, kisha anarudi kwenye nyumba ambayo hakuna aliyeandaliwa kubeba badala yake. Siku ya tatu anabeba. Kwenye faili anaandikwa kuwa hafuati maagizo.

Sasa nirudi kwenye hesabu, kwa sababu kuna kipimo cha kisasa ambacho kikiletwa Kibuyuni kinatoa jibu la kuchekesha. Carl Foster wa Marekani alifundisha njia rahisi ya kupima mzigo mzima: zidisha dakika za kazi kwa namba ya uzito aliyoitaja mtu. Kisha Tim Gabbett wa Australia, katika makala ya 2016, akasema linganisha mzigo wa siku 7 zilizopita na wastani wa wiki katika siku 28. Uwiano ukiwa kati ya 0.8 na 1.3 uko salama, ukipita 1.5, hatari. Tufanye mama anashuka siku 5 za bamvua, dakika 180 kila siku, na kazi anaipa 6 katika kipimo cha 0 hadi 10. Mzigo wa wiki hiyo ni 5,400. Wiki ya maji mafu afanye siku 2 za dakika 60 kwa uzito wa 3, ambayo ni 360. Wiki nne zina mabamvua mawili na maji mafu mawili, wastani 2,880. Basi kila bamvua uwiano wake unaruka hadi karibu 1.9, na kila maji mafu unaanguka hadi karibu 0.13. Kwa Gabbett, mama huyu yuko hatarini mara mbili kila mwezi, miaka yote.

Wachambuzi, Franco Impellizzeri akiwa mmoja wao, wamekwisha kuushambulia uwiano huo kwa sababu za kitakwimu. Sababu yangu ni ya bahari. Dirisha la siku 7 linalikata bamvua na kuliita ajali, wakati ni mpangilio ambao mwili umeuzoea. Siku 28 zinakaribia mwezi mwandamo, hapo hesabu inaanza kusema kweli: linganisha bamvua hili na bamvua lililopita. Hatari ya kweli inaonekana papo hapo. Ni mama aliyelala na mgongo akakosa mabamvua mawili, mwani wake ukaanza kukatika kwenye kamba, naye akashuka la tatu kwa nguvu zote ili afidie. Kabla ya siku hiyo ndipo fizio anahitajika.

Na mpango wake unajitokeza wenyewe. Mtungi wa maji na mazoezi mazito yawekwe kwenye maji mafu, ili nguvu ziongezeke wakati bahari imemwachia. Wiki ya bamvua zibaki dakika chache za kulegeza mgongo, basi. Bamvua la kwanza la kurudi ashuke kwa nusu ya saa zake, afunge mbegu, na mtu mwingine apandishe magunia. Hilo wakubaliane wote nyumbani, kama wanavyokubaliana juu ya arobaini. Kikomo cha maumivu kiwe kile cha Thomeé wa Uswidi, wa mwaka 1997: hadi 5 kati ya 10 yanavumilika, mradi yawe yametulia kesho yake asubuhi. Asubuhi ya Kibuyuni ni alfajiri. Akiinuka kwenye mkeka bila kushika ukuta, ashuke. Akishindwa, siku hiyo abaki kwenye kuanika.

Limebaki jambo moja la kiofisi. Bamvua hupwa saa zile zile ambazo kliniki za wagonjwa wa nje hufunguliwa, na mgonjwa anayeandikwa mtoro mara nyingi yuko baharini anatafuta nauli ya kuja. Kadi ya kliniki ina mstari wa tarehe ya kurudi. Ewe mtaalamu, kabla hujaujaza, muulize mama bamvua linaanza lini na linaisha lini. Tarehe zote mbili anazo kichwani.